Tulianza kwa kusubiri foleni ipungue

Barua

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na mtoto mmoja wa kike anayesoma darasa la pili. Nimeajiriwa katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Ofisi zetu ziko Kurasini na nyumbani kwangu ni Mbagala. Ninaandika kuhusu pombe, ingawa mke wangu anasema tatizo langu ni watu ninaokunywa nao kuliko pombe yenyewe, na mpaka leo sijajua nani kati yetu yuko sahihi.

Kabla ya kuajiriwa hapa, miaka minne iliyopita, nilikuwa mtu wa bia mbili kwenye harusi, basi. Kitengo chetu cha nyaraka kina watu tisa, wanaume saba na wanawake wawili. Katika wiki yangu ya kwanza, nilipokuwa nakimbilia daladala saa kumi na moja jioni, mwenzangu mmoja alinishika mkono akaniambia niache kuhangaika, Barabara ya Kilwa imefunga, na wao hukaa mahali kidogo kusubiri foleni ipungue. Ilikuwa hoja ya maana. Nilikunywa bia mbili, saa mbili usiku nikapata kiti kwenye gari, nikafika nyumbani bila kusukumana na mtu. Siku hizi foleni huisha tukiwa bado tumekaa, na hakuna anayetazama barabara.

Utaratibu wetu ni wa kupokezana raundi, na mkuu wetu wa kitengo ndiye hununua ya kwanza. Hakuna anayelazimishwa. Ila mhudumu huja na chupa zote na kuzifungua kabla ya kuuliza, na chupa ikishafunguliwa mbele yako, ukaambiwa ni ofa ya fulani, kuikataa ni kumkataa huyo fulani. Chupa tupu hupangwa kwenye kreti chini ya meza ili bili isilete ubishi, kwa hiyo kila mtu anajua mwenzake amefikia ya ngapi. Mara nyingi mzunguko haumaliziki. Ambaye hajatoa hubaki anadaiwa na hulipa kesho yake. Kwa hiyo kesho yake lazima uwepo.

Kwa kawaida nanywa bia tano, siku nne kwa wiki, na mwisho wa mwezi huzidi. Bia moja pale ni shilingi 2,500, na nyama sijaihesabu. Muhula uliopita ada ya mtoto ililipwa na mke wangu kwa pesa ya kikoba chake, na hakusema neno, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angesema.

Nimejaribu kuacha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema niko kwenye dozi. Wiki moja walinielewa. Wiki ya pili wakaanza kuuliza ni dozi gani hiyo isiyoisha, na mmoja akauliza kwa sauti kama mke wangu ana habari. Mara ya pili ilikuwa Kwaresima ya mwaka huu, nilipoamua kwenda moja kwa moja nyumbani kwa siku zote arobaini. Nyumbani kulikuwa na furaha, lakini ofisini nikawa mgeni. Asubuhi wenzangu wanacheka jambo la jana, mimi silijui. Safari ya siku kumi kwenda Tunduma kusimamia mizigo ya mteja wa Zambia, yenye posho nzuri, ilianzia mezani pale na ikaishia mezani pale: akapewa mwenzetu mmoja Mwislamu, ambaye hukaa nasi kama nusu saa na soda yake ya tangawizi, halafu huenda zake. Nilipolalamika niliambiwa kwa utani kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Baada ya Pasaka nikarudi.

Yaliyonifanya niandike ni mawili. Kwanza, mwezi wa tano, siku moja baada ya mshahara, niliamka na uzito wa bia nane za jana yake. Saa tatu asubuhi niliandaa hati za kontena la vipuri nikaingiza namba ya bidhaa isiyo yake, na kontena hilo likakaa bandarini siku sita za ziada huku mteja akidai tumlipe gharama za kuhifadhi. Mkuu wangu aliniita, akafunga mlango, akasema, "Jana tulikuwa wote, kwa hiyo hili ni letu wote." Akalimaliza, wala sikuandikiwa barua ya onyo. Namshukuru, lakini tangu siku hiyo, nikimwona anainua mkono kumwita mhudumu, sina mdomo wa kusema hapana. Pili, Jumatatu iliyopita, wakati wa chai ya saa nne, mwenzangu mmoja alinichukua tukaenda kuzimua kwa bia moja moja, nikarudi mezani nikiwa mzima kabisa. Kilichoniogopesha ni huo uzima.

Sitaki kuacha kazi. Wala sitaki kuwapoteza watu hawa, kwa kuwa baba yangu alipofariki mwaka jana, ni wao waliokodi Coaster wakaja Songea mpaka kaburini, na mchango wao ulizidi ule wa ukoo. Nifanye nini?

Ni mimi, Msomaji wa Mbagala.

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kumpoteza baba.

Nitaanza na Jumatatu yako, maana mengine yote yanaweza kusubiri lakini hiyo haiwezi. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi la kupima unywaji, lililotolewa mwaka 1989 baada ya kujaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Swali lake la sita linauliza ni mara ngapi, katika mwaka uliopita, ulihitaji kunywa asubuhi ili uweze kuendelea na siku baada ya kunywa sana jana yake. La tano linauliza ni mara ngapi ulishindwa kutimiza uliyotarajiwa kuyafanya kwa sababu ya pombe. La mwisho linauliza kama kuna ndugu, rafiki au daktari aliyewahi kuonyesha wasiwasi juu ya unywaji wako. Barua yako imeyajibu yote matatu bila kuulizwa. Alama huanzia sifuri hadi 40, na kuanzia nane mtu huhesabiwa kuwa anakunywa kwa namna ya hatari. Kwa niliyoyasoma, umeipita nane zamani. Hilo halikufanyi mlevi wa kuonewa haya. Linamaanisha kwamba jambo hili limetoka kwenye adabu za mezani na kuingia mwilini, na la mwilini hupelekwa hospitali. Wewe uko Mbagala. Hospitali ya rufaa ya Temeke haiko mbali, na Muhimbili wana idara ya afya ya akili inayoona watu wenye tatizo kama lako kila siku.

Nenda huko kabla hujaacha, hasa ikiwa asubuhi mikono hutetemeka, jasho hukutoka na moyo huenda mbio. Mwili uliozoea pombe ya kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kuingia katika degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na wapo wanaopoteza maisha hivyo huku wakisifiwa kwa ujasiri wa kuacha. Daktari ataamua kama unaweza kuacha mara moja au utahitaji kusimamiwa kwa dawa.

Sasa nije kwenye ubishi wako na mkeo. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts huko Marekani, tangu mwaka 1948 wamekuwa wakifuatilia afya ya wakazi, kisha ya watoto wao. Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 12,000 kutoka katika kumbukumbu hizo, za tangu 1971 hadi 2003, wakitazama pombe inavyotembea kutoka mtu hadi mtu. Mtu aliyeunganishwa moja kwa moja na mnywaji mkubwa alikuwa na uwezekano wa asilimia 50 zaidi wa kuwa mnywaji mkubwa yeye mwenyewe. Na aliyeunganishwa na asiyekunywa, asilimia 29 zaidi wa kutokunywa. Lakini lililonifanya nikumbuke utafiti huo niliposoma barua yako ni jambo jingine: unywaji wa majirani na wa wafanyakazi wenza haukuonekana kuwa na uzito wa maana. Uliokuwa na uzito ni wa ndugu na marafiki. Mbagala si Massachusetts, najua, lakini tazama jinsi habari hiyo inavyoisoma barua yako. Watu wanaokaa nawe chumba kimoja kuanzia saa mbili asubuhi hawakuwa na nguvu ya kukunywesha bia tano. Nguvu hiyo wanayo wale waliokuja Songea. Kwa bahati mbaya, au kwa bahati nzuri, ni watu wale wale.

Mkeo kwa hiyo yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wewe, ingawa nisingependa aihitimishe hoja yake kwa kukuambia uwaache. Mtu aliyefukia baba yako haachwi kwa sababu ya chupa.

Kunywa baada ya kazi hakukuanzia Kurasini. Kwetu Kilimanjaro, watu waliokuja kumsaidia jirani kulima au kujenga walimalizia kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na kata ilizunguka kwa wakubwa na wadogo ikawa ndiyo malipo na ndiyo shukrani. Tofauti ni kwamba pipa lile lilikuwa na mwisho. Mbege ikiisha, watu walikwenda kulala. Raundi yenu haina mwisho, na kiasi chake hakitokani na kiu ya mtu yeyote. Hesabu mwenyewe. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Mkitoka wanaume saba, mmoja akabaki na soda, mzunguko kamili ni chupa sita kwa kila mnywaji, yaani gramu 120, kwa sababu tu mko sita. Mngekuwa wanne mngekunywa nne. Na mzunguko usipomalizika, deni lake ndilo linalowaita kesho. Bia zako ishirini za wiki ni gramu 400. Uingereza, ambako watu hawasifiki kwa kuiogopa pombe, tangu mwaka 2016 wanashauriwa wasizidi gramu 112 hivi kwa wiki.

Nimeirudia pia asubuhi ile ya kontena la vipuri. Ini la mtu mzima kwa wastani huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halina njia ya kuharakishwa, iwe supu, maji ya baridi au kahawa. Bia nane ni gramu 160. Tuseme ulianza saa kumi na mbili jioni na ini lako ni la wenye kasi. Lisingemaliza kabla ya saa nne asubuhi. Hati zile uliziandaa saa tatu. Hukuwa na uchovu wa pombe, mwanangu. Ulikuwa bado umelewa.

Mtu muhimu kuliko wote katika barua yako umempitia kwa mstari mmoja, naye ni yule mwenzenu wa soda ya tangawizi. Anakaa nusu saa, anaondoka, hakuna anayemuuliza habari za dozi, na safari ya Tunduma akapewa yeye. Umeiandika habari hiyo kama ushahidi kwamba asiyekunywa hunyimwa, nami naisoma kama ushahidi wa kinyume chake. Hukuikosa Tunduma kwa kukosa bia. Uliikosa kwa kukosa kiti. Katika siku zile arobaini uliviondoa vyote viwili pamoja, ukaumia kwa kimoja ukadhani ni kingine.

Huenda utasema yeye ana dini yake, wewe huna kisingizio hicho. Ndiyo, lakini tazama namna sababu yake inavyofanya kazi: inajulikana na wote, haibadiliki kati ya Jumatatu na Ijumaa, na haimwombi mtu ruhusa. Dozi ina siku zake, na Kwaresima nayo ina Pasaka yake; zote mbili uliwaambia wenzako kwamba wasubiri tu, utarudi. Safari hii waambie neno lisilo na tarehe ya kwisha. "Daktari ameniambia niache, na nimeacha" ni sentensi inayotosha, na ukishakwenda Temeke itakuwa kweli tupu.

Kisha kaa karibu naye. Kuna jaribio mashuhuri la Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyefanya kazi zake Marekani, lililochapishwa mwaka 1951. Mtu aliwekwa katika kundi lililopangwa kimya kimya kutoa jibu moja la uongo kuhusu urefu wa mistari, jambo ambalo hata mtoto angeliona. Takriban watu watatu kati ya wanne walikubaliana na kundi angalau mara moja, kinyume cha macho yao wenyewe. Lakini akiwepo mtu mmoja tu mwingine aliyesema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu. Wewe unaye tayari, ameketi upande wa pili wa meza, na kwa miaka minne hujawahi kuagiza anachoagiza yeye.

Yapo mambo madogo yatakayokusaidia kuliko maazimio makubwa. Mfuate mhudumu kabla hujaketi, mwambie kwa upole kwamba kwako asifungue kitu mpaka useme mwenyewe, na umwachie chochote siku ya kwanza ili akukumbuke. Chupa isiyofunguliwa hurudi kaunta bila kumtukana aliyeituma. Lipa ofa unazodaiwa, zote, kwa siku moja, wape wanachokunywa, kisha utangaze kwamba umetoka kwenye mzunguko na kuanzia hapo kila ukija utajilipia mwenyewe. Hapo utani utakuwepo. Utaitwa mlokole, utaulizwa kama mkeo amekufungia. Cheka nao. Utani wa watu waliokukodia Coaster unavumilika, na kwa ninavyowajua wanaume wa ofisini, wakishaona hujawahubiria watatafuta wa kumtania mwingine. Na usiende kila siku. Mara moja kwa wiki, nusu saa, kiti kinabaki chako. Lakini kama daktari atasema baa usiisogelee kwa miezi kadhaa, basi kiti hicho kihamishie kwingine: chakula cha mchana, mpira wa Jumamosi, kumtembelea mwenzenu aliyelazwa. Urafiki wenu ulionekana msibani Songea, ambako sidhani kama kuna aliyekuwa anahesabu chupa.

Kuhusu mwenzako wa kuzimua, huyo nina wasiwasi naye kuliko nilionao kwako. Mtu anayejua mahali pa kupata bia saa nne asubuhi ameshakwenda huko bila wewe. Ukipata daktari, mchukue na yeye.

Limebaki la mkuu wako. Alikusitiri, nawe unajiona huna haki ya kumkatalia. Ila liweke vizuri: alisema kosa ni lenu wote, na hapo alisema kweli zaidi ya alivyokusudia, kwa sababu raundi ya kwanza hununua yeye. Kukusitiri wewe kulikuwa pia kujisitiri. Simsemi vibaya, huenda ni mtu mwema anayedhani anawalea vijana wake. Lakini mkuu anayegawa safari za kikazi kwenye meza ya baa amewanyima watu wawili ambao barua yako imewataja mara moja tu na kuwaacha, nao ni wanawake wa kitengo chenu. Saa kumi na mbili jioni wao wako kwenye daladala wakiwahi watoto. Je, kuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda Tunduma? Ukilalamika kwamba ulikosa safari moja ndani ya siku arobaini, wafikirie hao.

Kwa hiyo mwombe dakika kumi, asubuhi, ofisini, mlango ukiwa umefungwa kama siku ile. Mshukuru kwa lile la kontena, kwa dhati, kwa kuwa unalo la kumshukuru. Mwambie kwamba tangu siku hiyo umeona pombe imeanza kuigusa kazi yake, umeonana na daktari, umeacha, na ungependa asikununulie tena. Halafu mwombe jambo moja la kikazi: kwamba mgao wa safari na wa mafaili ufanywe kwenye kikao cha asubuhi, watu wote tisa wakiwepo. Akikuuliza kwa nini, mtajie gharama za zile siku sita za bandarini. Hesabu hiyo anaijua kuliko mimi. Na jioni hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, mpe mkeo pesa za kikoba alizolipia ada, hata kama ni nusu yake.

Niandikie ukishaonana na daktari. Na huyo bwana wa soda ya tangawizi, nisalimie sana.